Pini Kwenye Bega la Baba

Yule bibi aliyetupokea alidhani anatupa zawadi. Mvua ilikuwa inanyesha tangu asubuhi, ile mvua yao nyembamba isiyo na ngurumo, na sisi wanakwaya wa Musoma tulikuwa tumekaa sebuleni kwake na masweta ya kuazima, tunakunywa chai ambayo maziwa yameonyeshwa tu. Parokia yao na yetu zilikuwa zimefunga urafiki, ndiyo maana tulikuwa huko ng'ambo, waimbaji wachache na padre wetu, tukiimba kila Jumapili kwa watu waliotupigia makofi kanisani kama tuko mpirani. Siku hiyo hapakuwa na kuimba. Bibi akasema tusikae bure, atatupeleka jumba la makumbusho, kuna maonyesho ya hazina za makaburi ya Wasumeri, watu wa zamani sana wa kule Iraki. Padre akatutafsiria. Mwimba besi wetu, mtu wa Kisorya asiye na breki mdomoni, akasema kwa Kiswahili huku anamchekea bibi, "Yaani tumetoka Mara yote ile kuja kuangalia matanga."

Wenzangu walicheka. Mimi nilicheka kwa adabu, maana nyumbani nilikuwa nimeacha kaburi linanisubiri.

Lilikuwa kaburi la baba. Lilikuwa Manyamanyama, nyuma ya nyumba yetu ya zamani, karibu sana na barabara inayotoka Bunda kwenda Musoma. Barabara ilikuwa inapanuliwa, na watu wenye makaburi kando yake walikuwa wameambiwa wayahamishe. Mama alikuwa amekataa lisiguswe mpaka nirudi, mimi binti yake, mtoto wake wa kwanza. Lakini kwa mama habari haikuwa barabara. Kwa miaka mingi mama aliamini kwamba baba alivuliwa nguo kaburini, analala uchi chini ya udongo, na kwamba aliyemvua ni mdogo wake wa tumbo moja. Sasa kaburi lingefunguliwa. "Nitamwona kwa macho yangu kama amevaa," aliniambia siku ninaondoka. Hakuniambia safari njema. Alisema hilo tu, akarudi ndani.

Kwenye jumba lile kulikuwa na ukimya wa zahanati. Wametia giza makusudi, vitaa vinamulika vioo peke yake. Katikati amesimamishwa malkia wao, yaani si yeye, ni kichwa cha bandia kilichovalishwa vitu alivyozikwa navyo: majani ya dhahabu yaliyofuliwa membamba yananing'inia kwenye paji la uso, hereni kubwa kama bangili, shanga za mawe ya bluu na mekundu zimeshuka kutoka shingoni mpaka kiunoni. Pembeni kulikuwa na kinubi chenye kichwa cha fahali wa dhahabu, na ndevu zake za jiwe la bluu. Vilikuwa vizuri, sitasema uongo. Sisi kwetu mali ni ng'ombe, na aliyemchonga yule fahali alimjua ng'ombe, hakubahatisha.

Kisha nikasoma maandishi ya ukutani. Kiingereza changu ni cha mwalimu wa shule ya msingi, kinatembea na fimbo, lakini kilifika. Malkia hakwenda peke yake. Walizikwa naye watumishi wake, wasichana waliopambwa, walinzi, waendesha mafahali wa gari lake, wamelazwa kwa mistari, na vikombe vilikutwa kando yao. Maandishi yalisema huenda walikunywa sumu kwa hiari. Mimi nimekulia nchi na miaka ambayo tulijitolea mambo mengi kwa hiari, naijua hiari ya namna hiyo inavyopatikana. Nikaangalia ile picha yao waliyochorwa wamelala, nikahisi hasira ambayo sikuweza kumweleza yule bibi, kwa sababu alikuwa ananitazama akitegemea nifurahi.

Na kilichoniudhi zaidi ni picha ya bwana aliyewafukua. Iko ukutani, amevaa kofia, anatabasamu, na jina lake limeandikwa kwa herufi za kusomeka kutoka mlangoni. Akifukua mwenye kofia, ni elimu. Akisingiziwa kufukua mtu wa Manyamanyama, ni fimbo. Baba mdogo alichapwa kwa ajili ya kaburi ambalo hakuna hata mmoja aliyethibitisha kwamba limeguswa.

Wenzangu walikuwa wameshapita kwenda kuangalia mabakuli nilipofika kwenye kioo cha mwisho. Ndani yake hakukuwa na dhahabu ya kutisha. Kulikuwa na pini. Pini ndefu za shaba na za fedha, zimepinda kidogo, nyingine zina kishanga cha bluu kichwani. Nikamwita padre, nikamwomba amwulize bibi: wanajuaje watu hawa walizikwa wamevaa nguo, wakati nguo haionekani hata uzi?

Bibi alifurahi kuulizwa. Akasema nguo haidumu ardhini, inaoza inakuwa udongo. Lakini kila walipofikia mifupa walikuta pini imelala mahali pamoja, ndipo wakajua hapo palikuwa na vazi limefungwa. "Hapa," akasema, na kwa kuwa hakuwa na maneno ya Kiswahili akanigusa mimi begani kwa kidole.

Nilikaa kwenye benchi. Padre akauliza kama ni tumbo. Nikasema ni baridi.

Baba alikufa ile miaka ambayo maduka yalikuwa na rafu na mwenye duka basi. Alikuwa karani wa kupima pamba. Homa ilimshika katikati ya msimu. Zahanati ilikuwa na mganga na kitanda, dawa ndiyo haikuwepo, na tulipopata gari la kumpeleka Musoma hakuwa wa kupelekwa tena. Hata sabuni ya kumwoshea tulipewa kipande na jirani ambaye alikuwa amekificha kwa ajili ya ubatizo wa mtoto wake.

Mama ndiye alikuwaga anaitwa kuvisha marehemu mtaani kwetu. Alikuwa na mkono mwepesi na moyo mgumu, watu walisema, na vyote viwili vilikuwa kweli. Miaka ile kazi hiyo ilikuwa ya kuumbua. Sanda ilikuwa ya kibali, na kibali kikipatikana sanda haipo. Watu wamezikwa na vyandarua. Wamezikwa na magunia ya pamba yaliyofumuliwa. Halafu zikaanza kusikika habari kwamba makaburi mapya yanafunguliwa na watu wanauza nguo za marehemu minada ya mbali, na hapo ndipo wakina mama wakaanzisha desturi ambayo bibi zetu hawakuijua: kabla maiti hajatolewa nje, nguo yake inachanwa kwa wembe, kifuani, mgongoni, pindoni, isimfae mwizi. Mama alikuwaga na wembe wake kwenye karatasi. Aliwachania watu wote. Mwanamke mmoja alimzuia asichane kitenge cha mama yake, na mama akamwambia, "Maiti haulizwi sanda. Na wewe mwenyewe usiniulize." Akachana.

Desturi nyingine ilikuwa ya zamani, hiyo bibi zetu walituachia. Kwetu maiti hafungwi. Vifungo vya shati vinakatwa, mkanda unatolewa, pete inavuliwa, hata kama ni kwa mafuta na machozi. Chuma hakishuki naye. Akifungwa huku atafika huko amefungwa, na atarudi kuwasumbua watoto wamfungue.

Cha kumvika baba hakikuwepo. Suti yake ya harusi ilikuwa imeshabadilishwa kwa mahindi. Mama akasimama katikati ya nyumba akaangalia huku na huku, kisha akapanda kwenye kiti akashusha pazia la mlango wa chumbani. Lilikuwa zito, la kijani na maua meupe. Baba mwenyewe alilileta kutoka duka la ushirika, kipande kimoja, akasema ndicho chote alichogawiwa, na mama alilipenda pazia lile mpaka wageni walikatazwa kulishika. Hapakuwa na lingine kama hilo mtaa mzima. Mama alilijua ua kwa ua.

Waliomwosha na kumvisha baba ni mama na shangazi, dada yake baba. Mimi nilikuwa mtoto wa shule, nimepewa beseni nishike. Baba alikuwa mtu mrefu wa mabega mapana, na pazia lilikuwa na upana mdogo. Kila walipomgeuza lilimteleza begani, bega linabaki wazi. Shangazi alipotoka kumwaga maji, mama alijaribu tena, likateleza tena. Akainuka, akaenda kwenye kamba ya nguo za mdogo wangu wa mwisho, aliyekuwa bado wa nepi, akarudi na pini. Ile pini kubwa ya nepi, yenye kichwa cha plastiki cha njano. Akalikusanya pazia juu ya bega la baba, akalibana. Kisha akaniangalia. Hakusema usiseme.

Baadaye alitoa wembe wake, maana shangazi alikuwa anangoja aone. Akaufungua kwenye karatasi, akauweka juu ya yale maua, mkono ukasimama hapo. "Huyu sitamchana," akasema. Shangazi hakumbishia. Baba akazikwa na pazia zima, na pini ambayo watu wawili tu tuliijua.

Ilipita kama nusu mwaka. Jumapili moja baada ya misa watu walikuwa wametoka nje ya kanisa, wanasalimiana, watoto wanakimbizana. Mama alikuwa anaongea na mtu, akanyamaza katikati ya neno. Binti wa baba mdogo, mtoto wa miaka minne mitano hivi, alikuwa anakuja upande wetu anacheka, na amevaa gauni la kijani lenye maua meupe.

Mama alimfikia kwa hatua chache. Alishika pindo, akaligeuza, akalitazama. Kisha akamvua. Hapo hapo, mbele ya kanisa, aliinua mikono ya yule mtoto juu akalichomoa gauni, na mtoto hakuwa na kitu kingine ndani, nani miaka ile alikuwa na nguo ya ndani ya mtoto. Akabaki amesimama mikono bado iko juu. Hakulia. Nadhani alifikiri amefanya kosa na anangoja aambiwe ni lipi. Mama yake alikuja mbio akamfunika kwa khanga yake, na mama yangu akaliinua lile gauni juu watu walione, akasema kwa sauti ambayo sijaisikia tena, "Hii ni nguo ya mume wangu. Imetoka kaburini."

Baba mdogo aliitwa kwenye baraza la ukoo, na sungusungu, walinzi wa mtaa, wakaitwa pia. Alisema maneno yale yale kila alipoulizwa: kitambaa alipewa na kaka yake, akiwa hai, siku ile ile alipokileta kutoka ushirika. Alikata kipande akampa, akamwambia mshonee mtoto. Mkewe alikaa nacho, hana uzi, mpaka uzi ulipopatikana. Wazee wakamwuliza nani shahidi. Akasema shahidi ni marehemu.

Mama alisimama akasema mumewe hakuwa na jambo la kumficha. Kitambaa miaka ile, agawe bila mke wake kujua? Wanawake wote walitikisa kichwa, na kusema kweli ningekuwa mkubwa ningetikisa na mimi. Baba mdogo akaomba basi kaburi lifunguliwe. Wazee wakakataa, kaburi si ghala la kufungua na kufunga. Na mama, aliyekuwa anajua lipo jambo moja la kuonekana mle ndani, hakuomba lifunguliwe. Pini ilimziba mdomo. Angemwambia nani kwamba yeye, mvisha marehemu wa mtaa mzima, amemfunga mumewe kwa chuma?

Walimchapa. Walichukua na ng'ombe wake. Kabla mvua hazijaanza akaondoka na mkewe na watoto, wakavuka Kisorya kwenda Ukerewe, na hatukumwona tena. Alifia huko. Habari ilitufikia ameshazikwa, na mama alipoambiwa alikuwa anachambua dagaa, akaendelea kuchambua.

Lile gauni alibaki nalo. Alipohamia Butiama kwa wajomba zangu alilibeba ndani ya sanduku la bati, limekunjwa na vidonge vya nondo. Wakati wa ruksa ulipofika, biashara zikafunguliwa, nguo zikamwagwa chini soko la Bunda marundo kwa marundo, makoti ya Wazungu, mapazia ya kila rangi, watu wanayakanyaga kupita. Mama alikuwa anapita kando yake bila kugeuza shingo. Niliwahi kumwambia, mama, nguo sasa siyo shida, acha. Akanijibu, "Kwa baba yako bado ni shida."

Niliporudi kutoka ng'ambo sikupumzika Musoma. Nilipanda gari mpaka Butiama na zawadi zangu za ovyo, chokoleti iliyoyeyuka na picha za posta. Mama alikuwa uani anamenya mihogo. Baada ya shikamoo na habari za huko nilikaa kwenye kinu kilicholazwa, nikamweleza nilichokiona. Malkia, majani ya dhahabu, wale wasichana na vikombe vyao. Alisikiliza kwa heshima, kama anavyosikiliza mahubiri ya mgeni. Aliuliza swali moja tu, kama wale wasichana walikuwa na mama zao. Nikasema sijui, haikuandikwa.

"Mama," nikasema, "nguo hatutaikuta."

Akasimamisha kisu.

"Nguo inaoza. Awe ameibiwa awe hajaibiwa, utakuta mifupa mitupu. Usije ukaona vile ukasema umepata jibu. Wale Wazungu wamejuaje kwamba wale maiti walikuwa wamevaa? Wamekuta pini."

"Pini gani?"

"Begani. Kila mmoja. Pini haiozi upesi. Na ile ya nepi ina kichwa cha plastiki."

Tangu siku ile ya beseni hatukuwahi kuitaja. Mama aliangalia mlango wa jikoni kama kuna mtu anasikiliza, na alikuwa mzee sasa, mikono yake ina mishipa. Alimaliza muhogo aliokuwa nao, akautia kwenye maji, akachukua mwingine. Ndipo akasema, "Kama aliibiwa, pini imeondoka na pazia."

"Ndiyo."

"Na kama ipo?"

Nikainuka nikayakusanya maganda ya mihogo. 

Kwetu kaburi la mtu halifunguliwi mpaka mtu wa upande wa ndugu zake atie jembe la kwanza. Baba alikuwa na ndugu wa kiume mmoja, naye alikuwa amekufa. Wazee wakasema basi aitwe mtoto wake, yule binti. Nikamwomba yule mwimba besi, kwa kuwa njia ya kwao ndiyo hiyo hiyo, avuke na kivuko kwenda kumtafuta. Alimkuta mjini Nansio, huko huko Ukerewe, anauza mitumba sokoni. Aliniambia yule dada alimsikiliza mpaka mwisho, akamhudumia mteja, akasema atakuja.

Alikuja asubuhi ya siku yenyewe, akashuka kwenye pikapu pale barabarani penye greda. Mrefu kama baba. Amevaa gauni zuri la bluu na viatu vya kufunga. Akanisalimia, "Shikamoo dada," akawasalimia wazee, akaenda mpaka kwa mama akapiga goti kidogo. "Shikamoo mama mkubwa." Mama akaitikia marahaba bila kumwangalia usoni. Mama alikuwa na kifurushi cha karatasi mikononi tangu Butiama, na ndani ya gari alikuwa ameniambia ni nini. Lilikuwa lile gauni. Alikusudia kulilaza juu ya baba kwenye kaburi jipya. Alisema anamrudishia nguo yake.

Katekista akasali. Binti yule wa baba mdogo akavua viatu, akashika jembe, akatia jembe la kwanza, kisha vijana wakachimba. Karibu na chini wazee wakawatoa, wakamwambia yeye aingie, maana damu ndiyo inatangulia kugusa. Akaingia. Tulimwona mgongo tu, anafukua kwa mikono, taratibu, anapangusa. Niliyaona mabega ya baba yangu yakitoka kwenye udongo. Nguo haikuwepo. Palikuwa na weusi weusi kwenye udongo, basi. Mama alikuwa pembeni yangu amenishika mkono, kucha zimeingia.

"Hiki nini?" akauliza yule dada kutoka shimoni. Akainua mkono. Kilikuwa kidonge cha kutu, na kwenye ncha yake kichwa cha njano, njano ile ile kama kilitoka kwenye kamba ya nguo asubuhi hiyo.

Nikauliza kilikuwa wapi, ingawa nilikuwa nimeona.

"Hapa begani."

Mzee mmoja wa ukoo alikisogelea, akakitazama, sura ikamharibika. "Chuma. Nani alimfunga huyu?"

Nilifungua mdomo, lakini mama alinitangulia. "Mimi," alisema. "Nilimfunga mimi, pazia lilikuwa linamteleza. Na pazia hakuvuliwa."  Watu walianza kutazamana, mmoja mmoja, wale waliokuwepo kwenye baraza lile, nao walikuwa wazee sasa, na mmoja aliyeshika fimbo siku ile alikuwa amesimama pale pale na mkongojo.

Mama akaketi chini kwenye udongo uliotoka kaburini. Hakulia. Alisema kwa sauti ya kawaida, ya mtu anayejisomea, "Kumbe alimpa kweli. Alimpa akanificha." Kisha, "Alijua ningemkatalia."

Na angemkatalia. Hilo ndilo lilinikata maini, kwa sababu nilimjua mama yangu, nililijua lile pazia, na nilijua baba alivyokuwa anakunja mambo yake madogo mfukoni ili nyumba ilale kwa amani. Kaburini hakuvuliwa mtu. Aliyevuliwa nguo katika habari hii yote ni mmoja tu, na alikuwa ndani ya shimo lile amepiga magoti, anamkusanya baba yangu mfupa kwa mfupa kwenye shuka jipya jeupe, kwa upole ambao sisi hatukumfundisha.

Alipomaliza alipewa mkono akatoka. Akanawa. Wazee walikuwa wanatafuta la kusema, na mmoja akaanza habari ya kikao, cha kusafisha jina la marehemu baba yake, na cha kurudisha ng'ombe. Yeye alikuwa anafuta miguu avae viatu. Mama akainuka, akamwendea, akafungua kile kifurushi. Gauni lilikuwa zima, rangi yake haijapungua, maua yale meupe, na lilikuwa dogo sana, sikukumbuka kama lilikuwa dogo vile. Akalishika kwa mikono miwili akamnyooshea.

"Chukua mwanangu," mama akasema. "Ni lako."

Yule dada aliliangalia. Aliliangalia kwa muda, hata akagusa pindo kwa kidole kimoja, kama muuza nguo anavyogusa kitambaa. Kisha akarudisha mkono wake.

"Mimi nina nguo, mama mkubwa," akasema. "Asante."

Akatuaga kila mtu kwa heshima yake. Ubwabwa ulikuwa bado uko jikoni, na kwetu mtu hatoki kwenye mazishi bila kula, lakini hakuna aliyethubutu kumzuia. Alisimama barabarani mpaka gari la Kisorya likapita, akapanda. Mama alikaa pale pale chini, na lile gauni mapajani, analikunja, analikunjua, analikunja tena.